Nyapara wa Mlima Sekenke

Madereva wote wa njia ya Singida na Nzega tulimwita Nyapara, na simkumbuki hata mmoja wetu aliyemwita kwa jina. Vibarua wake walimwita hivyohivyo. Hata mkewe, alipomletea chakula kambini, alisimama kando ya barabara akaita, "Nyapara, kinapoa." Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya khaki iliyokwisha rangi. Kazi yake ilikuwa kutunza kipande cha barabara kinachopanda mlima wa Sekenke, ukitoka Shelui kuja Singida. Alikuwa na vibarua wanane, majembe, makarai, toroli moja, na gogo lililolazwa juu ya panda mbili za mti kuziba njia chini ya mlima.

Namsimulia kwa sababu waliobaki wanaolijua jambo lake ni wachache, na wanalijua vibaya. Walilijua vibaya kwa sababu yangu.

Nilihamia Singida kutoka Tanga, vita vya pili vilipokuwa vimekwisha. Nilichukuliwa na tajiri mmoja wa mjini, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani, aliyekuwa akinunua karanga na ngozi na kuuza chumvi na nguo. Nilikuwa na leseni, miaka sita ya kuendesha malori ya mkonge, na kiburi kingi. Kule Tanga barabara za mashambani zilikuwa pana na zimenyooka. Ukiona mtu mbele unapiga honi, anarukia mtaroni, unapita. Singida niliona watu hawajui gari ni kitu gani. Ng'ombe walilala barabarani. Punda walitembea katikati ya njia kwa mstari, na mwenyewe yuko nyuma kabisa anazungumza na mwenzake. Madereva nao walisimama mlango kwa mlango wakaamkiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua na za mifugo, na aliye nyuma yao akangoja bila kulalamika. Nilimwambia mke wangu kwamba tumehamia mahali ambapo watu wamelala.

Safari yangu ya kwanza ya Nzega nilikwenda kwa njia nyingine, nikarudi kwa ile ya mlima, nikafika chini yake adhuhuri. Nikakuta gogo. Nikapiga honi, hakuja mtu. Nikapiga tena, nikaiegemea. Hatua chache kutoka pale mtu mrefu alikuwa amechuchumaa anapanga mawe kwenye mfereji. Hakugeuka. Alipanga jiwe, akalitazama, akaliondoa, akatafuta jingine. Nilipochoka ndipo alipoinuka, akaja dirishani akijipangusa mikono.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza nini?"

"Kupiga."

Nikamwambia afungue njia, nimebeba mali ya watu.

"Umetoka wapi wewe?"

"Singida."

"Singida hawapigi honi namna hiyo. Kabla ya Singida?"

"Tanga."

"Basi zima gari, mtu wa Tanga. Shuka uamkie watu. Habari ya njia itakuja baadaye."

Nilishuka na hasira zangu. Nikamtupia shikamoo. Akaipokea, "Marahaba," kama nimeitoa kwa adabu zote, akaniuliza habari za Nzega, kama mbuga ya Wembere imekauka, kama tajiri wangu hajambo. Nilijibu yote. Ndipo akanieleza habari ya fimbo.

Barabara ya mlima ule wakati huo haikutosha magari mawili. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde. Kwa hiyo palikuwa na fimbo moja iliyopakwa rangi nyekundu, na hakuna gari lililoruhusiwa kuingia mlimani bila hiyo. Anayeteremka aliipokea juu kwa kibarua aliyekaa huko, akaikabidhi chini kwa Nyapara. Anayepanda aliichukua kwa Nyapara, akaipeleka juu. Fimbo ikiwa juu na wewe uko chini, unangoja gari literemke nayo, au kibarua anatumwa kuifuata kwa njia ya miguu. Ungeweza kukaa saa nzima, pengine mbili.

"Na kama nina haraka?" nilimwuliza.

"Watu wenye haraka wako kule chini," akasema, akanyoosha mkono bondeni. Nikachungulia. Palikuwa na mabati ya gari yaliyooza, na mti ulikuwa umeota katikati yake.

Tangu siku ile hakuacha kunifundisha, wala sikumwomba. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Usukani hakuwahi kuushika. Lakini alitujua kwa kututazama tukipita mwaka baada ya mwaka, akiwa amesimama kando na sepetu. Aliniambia kwamba magari mawili yakikutana kwenye mchanga, lenye mzigo hubaki kwenye njia ya matairi, na tupu ndilo linalotoka, na kwamba madereva wa Singida walikuwa wananisema kwa kutolifuata hilo. Aliniambia nikifika kwenye korongo nishuke, nilivuke kwa miguu kwanza, hata kama nimelivuka jana. Kule Wembere wakati wa masika nisifuate alama mbichi za gari jingine, kwa kuwa udongo mweusi uliokwisha kukanyagwa ndio unaomeza.

Siku moja niliwapigia honi punda wa mtu karibu na kambi yake. Walishtuka, wakatawanyika porini na magunia ya mtama yakamwagika. Mwenye punda alikaa chini akashika kichwa. Nilitaka kuondoka. Nyapara alikuja akasimama mbele ya lori langu. Nilishuka. Tulizoa mtama ule, yeye, mimi na mwenye punda, tukaupepeta mchanga mpaka jua likaanza kuelekea magharibi. Tulipomaliza aliniambia, "Punda alizaliwa hapa. Gari lako limekuja na meli." Akarudi kwenye mawe yake.

Hakuwa mtu wa kucheka. Nilimzoea miaka mitatu na simkumbuki akicheka. Alipokuta mnyama amegongwa, hata nyoka, alimwondoa mwenyewe barabarani kwa sepetu akamfukia, na siku hiyo hakuzungumza na dereva yeyote. Kila asubuhi aliupanda mlima wote miguu mitupu, viatu amevishika mkononi. Alisema jiwe lililolegea halionekani, ila unyayo unalijua. Alijua magari kwa sauti. Tukiwa tumekaa kambini angeweza kusema, "Hilo ni lori la Kiomboi, na breki zake hazijatengenezwa," na mimi sijasikia chochote bado.

Nilianza kubadilika bila kujua. Nikawa nazima gari nikiona ng'ombe. Nikawa nasimama mlango kwa mlango na wenzangu, nauliza habari za mifugo ya watu nisiowajua. Mke wangu alinicheka. Nadhani ilikuwa miaka yangu mizuri.

Lakini Nyapara alikuwa na upande mwingine, na huo ndio uliomwangusha.

Mtu yule angeweza kumngojesha tajiri mkubwa wa mjini nusu ya siku. Niliwahi kumwona akimkatalia karani wa serikali aliyemtukana matusi ya nguoni, na hakupepesa macho. Ila akimwona Mzungu alikuwa mtu mwingine. Kofia ilitoka kichwani kabla gari halijasimama. Mabega yalishuka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, akajibu, "Ndiyo Bwana, ndiyo Bwana," hata kabla hajaulizwa. Ilikuwa vibaya kumtazama. Siku moja alivua shati anawe, nikaona mgongo wake. Ulikuwa na makovu yamepishana kama njia za ng'ombe. Aliniona nikitazama.

"Mdachi," akasema. "Nilikuwa kijana."

"Hawa ni Waingereza, Mzee, si Wadachi."

"Mgongo haujui," akasema, akavaa shati.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, asubuhi ya saa nne hivi. Nilikuwa nimetoka Shelui na chumvi. Fimbo ilikuwa juu. Nilizima gari, nikashuka, tukaamkiana. Nilichukua spana nikawa nazungukazunguka lori langu kutazama springi, huku nangoja. Ndipo lilipokuja gari dogo la Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka upande wetu kutafuta madini. Hakuwa mtu wa serikali. Alisimama nyuma yangu, akapita ubavuni, akafika mpaka kwenye gogo.

"Fungua," akasema kwa Kiswahili.

Nyapara alikuwa amekwisha vua kofia. "Bwana, fimbo iko juu."

"Fimbo gani? Fungua."

"Bwana, kuna gari linakuja. Nalisikia."

"Mimi sisikii kitu. Fungua njia, mpumbavu wewe, au nitakufungulia kesi Singida."

Nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi kwamba ningeweza kuwagusa kwa mkono. Niliposikiliza, hata mimi nilisikia, mbali sana, ngurumo ya lori likishuka kwa gia ndogo. Nyapara alinitazama. Alinitazama kwa muda, kofia ameikunja mikononi. Mimi niliinama nikaitazama springi. Nikasikia gogo linaburutwa.

Walikutana kwenye kona ya pili. Lori la Kiomboi lilikuwa linateremka. Dereva alimkwepa Mzungu upande wa bonde, na upande wa bonde hapakuwa na kitu. Tulisikia mabati, halafu kimya, halafu mawe yakiendelea kuporomoka. Nyapara alikuwa amekwisha anza kukimbia. Nilipofika alikuwa chini kabisa, anainua ubao wa bodi ya lori peke yake kama mwendawazimu, anaita watu kwa Kinyiramba.

Walikufa watatu: dereva, na mwanamke wa Kinampanda aliyekuwa anakwenda Shelui kumwona mama yake, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Mzungu alivunjika mkono.

Kesi ilisikilizwa Singida mbele ya hakimu Mzungu. Yule mtafuta madini alisema alikuta gogo limeondolewa, akajua njia ni nyeupe. Shahidi mwingine alikuwa mimi. Usiku wa kuamkia kesi tajiri wangu aliniita barazani kwake. Hakunitisha, alikuwa mtu mpole. Alisema, "Wewe mgeni hapa. Mkeo mjamzito. Leseni yako wanaiandika wao, na wanaweza kuifuta wao. Sema ulichoona, usiseme ulichosikia."

Nikasimama kizimbani. Mkalimani akaniuliza kama nilimwona nyapara akiondoa gogo. Nikasema nilimwona. Akaniuliza kama nilisikia Mzungu akimwamuru.

"Nilikuwa chini ya gari," nikasema. "Nilikuwa nafunga springi. Sikusikia."

Hakimu akaandika. Kisha akamwambia Nyapara kwamba ana ruhusa ya kumwuliza shahidi maswali. Nyapara alisimama. Bila kofia alionekana mzee kuliko nilivyomdhania. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile.

"Sina swali," akasema.

Alifungwa miaka miwili. Mke wangu alijifungua salama. Niliendelea kuendesha, na chini ya mlima aliwekwa nyapara mwingine, kijana mcheshi aliyetufungulia mara tu tukimpungia mkono. Madereva walimpenda. Katika mazungumzo yao Nyapara wa zamani alikuwa yule mzee mkali aliyengojesha watu miaka yote, halafu siku moja akafungua gogo ovyo na kuua watu. Nilikaa nao, nikanywa nao chai, sikuwasahihisha.

Miaka ikapita, pengine minane. Mwingereza bado alikuwepo, ingawa watu walikuwa wameanza kuzungumza habari nyingine. Nilikwenda Unyambwa kununua karanga za tajiri. Nikiwa napita polepole kati ya nyumba nilimwona Nyapara amekaa nje ya tembe ndogo, anachambua mbegu kwenye ungo. Nilikanyaga breki. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kushuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akasema. Meno ya mbele hayakuwepo. Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Umenenepa, mtu wa Tanga."

"Nimekuja kukuona."

"Hukuja. Ulikuwa unapita, ukaniona. Kuja ni kitu kingine."

Mkewe alinitolea kigoda, akaingia ndani bila kunisalimu. Nikakaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale miaka yote, na sasa sikuweza kuyapanga.

"Siku ile nilisikia," nikasema. "Nilisikia kila neno. Mahakamani nilisema uongo."

"Najua. Ulikuwa umesimama kando yangu."

"Walinitisha leseni. Mke wangu alikuwa—"

"Ya mahakamani niache nayo," akasema. "Pale hata ungesema kweli wasingekuandika. Mimi sikukasirikia ya mahakamani." Aliokota punje mbovu, akaitupa. "Nilikutazama kabla sijafungua. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulisikia lori linakuja."

"Nilisikia."

"Kwa nini hukuniambia, 'Nyapara, usifungue'?"

"Ningesema vipi mbele ya Mzungu?"

"Usingemwambia Mzungu. Ungeniambia mimi. Sijui kama ningeacha, nilikuwa natetemeka mpaka miguuni. Lakini ningekuwa nimesikia sauti ya mtu." Akauweka ungo chini. "Gerezani nilikuwa nafikiri hilo tu."

Kuku walikuwa wanazunguka miguuni petu wanaokota zile punje mbovu. Alizungumza tena, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa maagizo ya kazi.

"Yule mwanamke aliyekufa na mtoto, mume wake bado yuko Kinampanda. Nimekwenda kwake mara tatu kumpa pole. Mara tatu amenifukuza. Anasema mimi ndiye niliyefungua, na ni kweli mimi ndiye niliyefungua. Ila hajui namna nilivyofungua. Nenda ukamwambie."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kesho."

Nilikwenda kesho yake, na lori la tajiri, bila ruhusa. Nilimkuta mtu yule anatengeneza ua wa ng'ombe. Alikuwa mtu wa umri wangu. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nikamsimulia tangu mwanzo hadi mwisho, sikuacha neno: fimbo, Mzungu alivyosema, Nyapara alivyojibu, mimi niliposimama, nilivyoinama, nilivyoapa mahakamani. Hakunikatiza. Alikuwa anapitisha kamba kwenye miti ya ua, anakaza, anapitisha tena.

"Huyo Mzungu yuko wapi?" akauliza.

"Alikwisha rudi kwao."

"Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Singida."

"Singida ni karibu," akasema.

Nilisubiri anipige. Hakunipiga. Alikaza kamba ile mpaka mti ukalia, akaifunga fundo. "Mwambie mzee nimesikia," akasema, akanipa mgongo akaendelea na ua wake.

Nilifika Unyambwa siku iliyofuata, mchana. Nyapara alikuwa amekaa palepale, lakini safari hii hakuwa na kazi mikononi. Nadhani alikuwa ananingojea. Alisikia gari langu mapema, bila shaka, maana alikuwa amekwisha simama nilipotokea.

"Alisemaje?"

"Alisema amesikia."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mzee. 'Mwambie mzee nimesikia.'"

Aliketi. Alirudia neno lile, "Nimesikia," taratibu, kama anajaribu kulipima lina uzito gani. Sikuweza kujua kama lilimtosha. Halafu akamwita mkewe alete maji. Tukanawa. Ukaletwa ugali wa uwele na mlenda katika chungu kimoja, tukala wawili, yeye na mimi. Alikula kidogo, akikohoa katikati. Alinisogezea kilichobaki akanitazama mpaka nikakimaliza.

Mkewe aliondoa vyombo. Nyapara alinawa, akapangusa mikono kwenye magoti, akanyanyuka, akanisindikiza mpaka kwenye lori, kama inavyompasa mwenyeji. Nilipanda. Alishika mlango kabla sijaufunga.

"Ulichofanya umekifanya," akasema. "Nimekulisha. Sasa nenda, na nyumbani kwangu usirudi tena."

"Mzee—"

"Usirudi tena, mwanangu."

Akaufunga mlango mwenyewe, polepole, akarudi nyuma hatua mbili kunipisha. Niliwasha gari nikaondoka, na sikurudi.